Amana za Chumba cha Nyuma

Mjini Nachingwea walimwita Bibi wa Makumbusho, na jina hilo nilimpa mimi. Kabla sijarudi alikuwa bibi tu, mwenye nyumba ya bati kuukuu kwenye njia iendayo ilikokuwa kambi, na chumba cha nyuma ambacho majirani walikuwa wakikipita wakiongeza mwendo. Nasema hivi mapema ili ijulikane nani alifanya nini. Niliondoka mji huu na begi moja. Nilisoma kwa kuosha magari ya watu, nikarudi na diploma ya utalii na uongozaji wageni, ya kwanza kwa mtu wa kata yetu. Nimeiwekea fremu. Kila aliyeingia ofisini kwangu ameiona, isipokuwa yeye, ambaye aliingia mara moja, akaitazama, akauliza kama fremu ile ilikuwa na mtu ndani au maandishi tu.

Chumbani mwake mlikuwa na mafurushi kumi na tisa. Yaliachwa na vijana wa Msumbiji waliokuwa wakijifunza vita hapa kwetu wakati wa ukombozi. Siku hizo alikuwa mwanamke kijana, akiuza uji na muhogo wa kuchemsha kando ya njia waliyopita. Kijana akipata amri ya kwenda kuvuka Ruvuma, alimletea furushi lake na kumwambia, "Dada, nishikie, nikirudi nitachukua." Wengi walirudi wakachukua. Kumi na tisa hawakurudi. Nilipomuuliza kwa nini hawakuviacha vitu vyao kwenye stoo ya kambi, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mtoto hulala kwa mama yake.

"Stoo ilikuwepo," alisema. "Lakini stoo haimjui mtu."

Mimi na yeye tulijuana miaka minane, na miaka yote minane tuligombania jambo moja. Mimi nilitaka mafurushi yafunguliwe, vitu vipangwe kwenye makabati ya kioo, kila kimoja na maelezo yake, watu waje kutoka mbali waone. Yeye alitaka yatoke yakiwa yamefungwa vilevile, yaende mkononi mwa mwenyewe au mrithi wake, kabla yeye hajafa. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kufa na amana ya watu ndani ya nyumba.

"Mimi nitaulizwa," aliniambia. "Wewe Diploma hutaulizwa kitu. Utapita tu na karatasi yako."

Diploma ndiyo aliyoniita. Sikuchukia. Kuna walioitwa mabaya zaidi.

Kazi yangu ni ngumu kuliko ya waongozaji wa kaskazini, na nimefanya kazi kaskazini, kwa hiyo najua nisemacho. Huko mgeni anaonyeshwa simba, na simba anajieleza mwenyewe. Hapa nawaonyesha tuta la reli iliyong'olewa zamani, mashamba ya Waingereza ambako karanga hazikuzaa kama walivyotarajia, nyumba za mabwana waliorudi kwao, viwanja vya gwaride vya askari walioondoka. Nikiwa na gari zuri nawafikisha hadi Mbwemkuru, na mara nyingi tunaukuta mto wenyewe umebaki mchanga. Nawafanya watu wazima watazame mahali patupu na waone kitu. Hilo halifundishwi chuoni. Nililijua mwenyewe, na nakiri nililiongeza kwa kumtazama yule bibi.

Yeye kiingilio chake kilikuwa ufagio. Mgeni akifika, awe mwalimu, mzungu au ofisa mwenye dereva, alipewa ufagio wa njukuti za mnazi afagie uwanja wa mbele. Akimaliza ndipo aliambiwa karibu. Nilimweleza mara nyingi kwamba wageni wangu wamekuja kupumzika. Akanijibu kwamba wenye vitu nao wamekuja kupumzika, na mtu hapumziki uwanja ukiwa mchafu. Ofisa mmoja alikataa kushika ufagio. Bibi hakugombana naye, alimletea kiti, akamkalisha kivulini, akampa maji, akaongea naye habari za korosho hadi saa ya kuondoka ilipofika. Yule bwana aliniambia amefurahi sana. Chumba hakukiona.

Na hata waliofagia hawakuwa na uhakika. Mlangoni alipiga hodi mara tatu, akanyamaza, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mara nyingi alisukuma mlango. Mara nyingine aligeuka na kusema, "Leo hawataki," na safari ikaishia hapo, hata kama watu wametoka Dar es Salaam. Siku kama hizo nilikuwa najaza pengo kwa hadithi za reli. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilichunga nisikanyage kizingiti.

Ndani mlikuwa na harufu ya moshi na majani ya mwarobaini, aliyoyatumia kufukuza wadudu. Mafurushi yalikaa juu ya uchaga, yamefungwa kwa magunia, kwa kanga, moja kwa turubai la jeshi. Hayakuwa na jina hata moja lililoandikwa. Yote yalikuwa kichwani mwake. Picha alikuwa anaruhusu, ila alitaka aonyeshwe. Mgeni alimpa simu, yeye akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda, kisha akairudisha.

"Wametoka wachache," alisema.

Nilikuwa nikiitafsiri kauli hiyo kama mzaha. Wageni walicheka. Yeye alifunga mlango.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, na alikuwa na ugoro kwenye pindo la kanga, akipiga chafya katikati ya dua. Alikataza uongo nyumbani kwake, na yeye akaongopa umri wake bila haya. Alikuwa na miaka sabini mwaka nilipofika na miaka sabini mwaka niliomsindikiza. Alisikiliza mpira redioni na kuwatukana makipa. Kibao nilichomtengenezea, ubao mzuri wa mninga, herufi nimezichora mwenyewe kwa rangi ya dhahabu, MAKUMBUSHO, nilikikuta siku ya tatu kimelazwa juani kimeanikiwa makopa.

"Bibi, kile ni kibao!"

"Ndiyo. Kipana kizuri. Muhogo unakauka upesi."

"Watu watajuaje kama hapa ni makumbusho?"

"Anayekuja kuchukua chake hahitaji kusomewa."

Mwaka mmoja nilipata nafasi ya mafunzo ng'ambo, miezi mitatu, katika mji wa kale ulio kando ya mto mkubwa. Mimi, mtoto wa mkulima wa ufuta. Kule makumbusho yapo kila kona, pande zote mbili za mto, na watu wanapanga foleni kuingia kama sisi tunavyopanga foleni kwenye mnada wa korosho. Katika jumba moja, ghorofa ya pili, nilikuta kabati lenye vitu vya kwetu kusini: vinyago vya kuchezea ngoma, ndonya za midomo ya wanawake, kapu la unga. Chini yake pameandikwa mahali na aina ya mti. Niliwaeleza wenzangu wa mafunzo kila kitu kwa ufasaha, nao wakanipigia makofi.

Niliporudi nilimsimulia nikitegemea kwamba sasa ataelewa. Nilimwambia habari za kioo, taa, mashine za kupunguza unyevu. Alisikiliza vizuri, bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akauliza:

"Na nani anawaita?"

"Kuwaita akina nani?"

"Wenye ndonya. Wenye kapu. Pale pote mtoni, hakuna mtu wa kuwaita hata kwa mwaka mara moja?"

Nilimjibu kwamba kuna wasomi wanaofanya utafiti. Akatikisa kichwa kwa huruma, na hadi leo sijui huruma ile ilikuwa kwa vitu vile au kwangu.

Kuita, yeye alikuwa anaita. Mvua zikiisha na jua la Juni likikaza, alitoa mafurushi yote nje yaote jua, akayapanga kwenye mkeka, akasimama mbele yake na kuita majina kumi na tisa, moja moja, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Baada ya kila jina alinyamaza. Alimpa mtu muda wa kutosha kuacha jembe, kunawa, na kuitika. Kisha jina linalofuata.

Majirani waliifahamu siku hiyo na walikaa majumbani. Sababu inajulikana na kila mtu wa huku. Kwetu, iwe kwa Wamwera, Wayao au Wamakonde, jina la marehemu haliachwi liende na mwenyewe. Matanga yakiisha, mmoja wa ukoo analirithi, na tangu hapo anaitwa kwa jina hilo na analibeba na mambo yake. Wajane wa marehemu watampigia goti, watoto wake watamwita baba, aliyemkosea atakuja kwake kuomba radhi. Mtu haitiki jina la mfu kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimelijua pia kwa namna ya pili, ya darasani, kama utamaduni wa kusimulia wageni, na namna hii ya pili ilikuwa imeanza kuifunika ile ya kwanza.

Mwaka ule nilileta kundi langu kubwa kuliko yote: walimu kutoka Lindi, wazungu wanne, na mwandishi mmoja wa redio. Walifagia vizuri. Bibi akaanza kuita. Ilikuwa inachukua muda. Jua lilikuwa kali, kimya baada ya kila jina kilikuwa kirefu, na nikaona walimu wameanza kutazama simu. Mwandishi alizima kinasa sauti chake. Mzungu mmoja mwanamke akaniuliza kwa sauti ya chini itakuwaje mtu akiitika.

Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ishirini na diploma yangu, na maonyesho yananifia mikononi.

"Atanasi!" bibi aliita.

Nilipiga hatua mbele, nikagonga kisigino kama askari, nikapaza sauti: "Naam! Nipo!"

Walicheka, wakapiga makofi. Mwandishi aliwasha kinasa sauti upesi. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipomwona bibi. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. Alikuwa ameshika kifua kwa mkono mmoja na ananitazama usoni, akitafuta kitu, kama mtu anayekutana stendi na ndugu aliyemwacha akiwa mtoto.

Jirani yake, mama mwenye mashine ya kusaga, alitokeza kichwa juu ya ua. "We kijana! Umefanya nini?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Mchezo? Mwambie yeye sasa kwamba ni mchezo."

Sikumwambia. Bibi aliingia ndani, akatoka na unga wa mtama kwenye kibakuli, akanipaka kidogo kwenye paji la uso. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwenye jua lile. Aliinama, akanyanyua furushi lililofungwa kwa kanga nyekundu iliyopauka, akaniwekea mikononi.

"Umechelewa, Atanasi," alisema. "Lakini umefika."

Majina yaliyobaki hakuyaita siku hiyo.

Tangu hapo Diploma alikufa. Sokoni, msibani, mbele ya wageni wangu wa heshima, aliniita Atanasi, na wengine wakafuata, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Alinitumia chakula ofisini, kisamvu kisichotiwa karanga, nami napenda karanga; aliyeleta alisema, "Bibi anasema ndivyo unavyopenda." Aliniuliza kama mama yangu huko Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, ameshapona. Mama yangu amezaliwa Matambarale na hajawahi kuumwa zaidi ya malaria. Siku moja alinikuta napanda ngazi za duka, akaniuliza, "Na mguu je?"

"Mguu gani, bibi?"

"Wa kushoto. Ule uliojikata na panga."

Wiki iliyofuata mguu wa kushoto ulianza kuniuma, juu kidogo ya kifundo. Daktari aliutazama, akaubonyeza, akasema ni viatu. Nilinunua viatu vingine, vya bei. Bado unaniuma mvua ikikaribia, na wateja wangu wa zamani wameshaona kwamba nikishuka tuta la reli ninatanguliza wa kulia.

Furushi nililiweka juu ya kabati ofisini, chini ya diploma. Sasa lilikuwa langu kwa haki, kwa desturi, mbele ya mashahidi na redio. Ningeweza kulifungua siku ileile, nikapata nilichokipigania miaka yote. Niliwaambia watu nasubiri kabati la kioo. Kabati lilikuja, likakaa tupu. Kila nilipogusa fundo la kanga nilisikia kwamba kuna mtu chumbani amenyamaza ili anione nitafanya nini. Mimi si mwoga, nimelala porini Kilimarondo tembo wakivunja mahindi jirani na hema. Lakini fundo lile sikulifungua.

Aliyemwona bibi akidhoofika wa kwanza nilikuwa mimi. Ufagio ukawa mzito kwake, hodi zikawa ndefu. Mwishowe mtoto wa dada yake alikuja kumchukua akamlee kwao Chinongwe, upande wa Ruangwa, nami nikawapeleka kwa gari langu. Njiani hakusema ila kuhesabu kwa midomo. Nilijua anahesabu nini. Alikuwa amefika kumi na nane.

Nilikwenda kumwona msimu wa korosho uliofuata, saa tisa alasiri. Yule mpwa wake, mwanamke mpole mwenye mtoto mgongoni, alinipokea uwanjani.

"Afadhali umekuja, kaka. Tangu jana anakutaja."

"Ananitaja mimi, au ananitaja nani?"

Alitabasamu kwa aibu. "Unajua mwenyewe."

Bibi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mdogo kama nguo iliyokunjwa. Macho yalikuwa safi. Alimtuma mpwa wake kisimani, akasubiri nyayo ziishe, ndipo akaniambia nisogee.

"Umelifungua?"

"Sijafungua, bibi."

"Usinifiche. Umelifungua ukaona, ndiyo maana hukuja muda wote huu."

"Wallahi sijafungua. Lipo vilevile."

Alifumba macho. Nilidhani amefarijika. Machozi yalianza kutoka pembeni, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta.

"Ulikuwa na shuka," alisema. "Jeupe. Mama yako alikupa. Mwaka ule nguo zilipokosekana madukani, watu wakizikwa na magunia, mwanangu wa mwisho akafa kwa surua. Nilizunguka Nachingwea yote natafuta sanda. Nikaenda mpaka kwa Wahindi. Hakuna. Maiti ndani, watu wananisubiri uwanjani." Alipumua. "Nilifungua moja tu. Lako. Kwa kuwa ulikuwa mpole, nikasema huyu hatagomba. Nikatoa shuka, nikajaza maganda ya mahindi, nikafunga na kanga yangu. Mwanangu yuko ndani ya shuka lako, Atanasi. Kila mwaka nilikuita, na kila mwaka nilimwomba Mungu usiitike."

Nimeongea mbele ya wakuu wa wilaya na mabalozi, na sijawahi kukosa neno. Lililonijia la kwanza lilikuwa la kweli, kwamba mimi siye, kwamba nilikuwa nafanya mchezo kwa ajili ya mwandishi wa redio. Nililiona likija mpaka kwenye meno. Lakini aliyekuwa na uwezo wa kusamehe lile shuka alikuwa mmoja tu, na mwenye jina lake nilikuwa mimi.

"Nimekusamehe," nilisema.

Alitikisa kichwa juu ya mto. "Hapana. Kiswahili hakikuwa chako. Ulikiongea kwa kusukuma, kama mtu anayepanda na mzigo. Nisamehe kwa cha kwenu."

Mimi ni Mmwera. Nina Kiingereza cha diploma na Kifaransa cha kusalimia. Kimakonde, ambacho nusu ya mji wangu inakiongea, sikujifunza, kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kukiulizia.

"Nifundishe," nikamwambia.

Akanifundisha. Yalikuwa maneno machache, hayafiki kumi. Alikuwa ameyaokota zamani kwa wateja wa uji, akayatunza na mengine yote. Aliyasema, nikayarudia. Akanisahihisha, akanigusa mdomo kwa kidole kuonyesha sauti inapotokea. Nikarudia. Mara ya tatu sikuyasoma tena kwenye uso wake. Yalitoka yenyewe, kwa sauti nzito kidogo kuliko yangu, na mguu wangu ukatulia. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikutegemea kwa mtu aliyebaki vile, kisha akaulegeza. Mpwa wake aliporudi na maji alimkuta amelala, anapumua taratibu. Alifariki siku ya nne.

Mafurushi kumi na nane ninayo mimi, na Juni ninaita majina yake, niliyoyashika kwa kumsikiliza bibi, na wageni wangu wakae kimya au wasikae. Wananiuliza kila kitu, nami nawajibu kila kitu, ndiyo kazi niliyosomea. Jirani yangu wa mkono wa kulia ni mzee wa Kimakonde, mtu wa watu. Kila asubuhi ananisalimu juu ya ua na kuniuliza kama kuna lolote la kusaidiana. Maneno yale ya Kimakonde bado ninayo, yote, kama bibi alivyoyasema, na maana yake hakuniambia. Ningeyatamka mara moja tu na yeye angenipa maana yake kabla chai haijapoa.

Namwambia hakuna, mzee, kwema kabisa.